Masizi Ndani ya Herufi

"Hii si sarafu," alisema Daktari Waithera. "Hii ni picha ya sarafu."

Inspekta Jemutai Kigen hakuwapenda watu wanaozungumza kwa mafumbo asubuhi, hasa wakati yeye mwenyewe hajanywa chai. Alivuta kiti kimoja kilichokuwa hakina vitabu juu yake, akaketi bila kukaribishwa. Sajini Sitati alibaki amesimama mlangoni akijifanya analinda. Ofisi ya mwalimu huyo wa historia ilikuwa ndogo, na vitabu vilikuwa vimepanda hadi dirishani kama vinatafuta njia ya kutoroka.

"Daktari, nieleze kama unamweleza hakimu," Jemutai alisema. "Hakimu mwenye haraka."

Waithera aliisukuma lenzi mezani. Chini yake, juu ya karatasi nyeupe, kilikuwa kidude kidogo kisichozidi ukucha wa kidole cha mwisho, cha rangi ya kijivu, kimeandikwa pande zote mbili kwa herufi za Kiarabu.

"Angalia ukingoni. Unaona mstari mwembamba unaozunguka? Hapo ndipo nusu mbili za kalibu zilikutana. Halafu uso wake una vishimo, ni hewa iliyonaswa metali ilipokuwa ikipoa. Sarafu za zamani ziligongwa kwa nyundo, hazikumiminwa. Na hii si fedha. Ni bati na risasi. Mtu ameyeyusha akamimina, akangoja ipoe. Basi."

"Na ile ya kweli?"

Daktari aliichukua simu iliyokuwa ndani ya mfuko wa plastiki wa polisi. Ilikuwa simu ya Ngigi, mshukiwa, ambaye saa hiyo alikuwa anahesabu nyufa za ukuta wa seli ya kituo. Kwenye kioo cha simu kulikuwa na picha ya kiganja chenye udongo mweusi wa Keringet, na katikati ya kiganja, sarafu.

"Hii ndiyo iliyonifanya nikose usingizi," Waithera alisema, na sauti yake ikalainika kidogo. "Ni fedha ya Waswahili wa pwani, ya zamani sana, karibu miaka elfu. Za shaba zimeokotwa nyingi. Za fedha ni adimu, na nyingi tunazozijua zilifukuliwa mahali pamoja huko Pemba. Kuipata moja kwenye shamba la viazi juu ya Mau ni kama kukuta pweza kwenye ziwa Nakuru."

"Ilifikaje?"

"Kwa mzungu, nadhani. Mliniambia shamba hilo lilikuwa la mlowezi. Nimeuliza. Kabla ya kuja kulima pareto alikuwa afisa wa serikali visiwani. Watu wa namna ile waliokota kila kitu. Pengine ilidondoka, pengine aliifukia akiondoka. Hilo hatutalijua."

Sitati hakuweza kujizuia. "Na bei yake, daktari?"

"Ukitaka bei lazima kwanza upate nyingine kama hii iliyouzwa jana sokoni, na hakuna. Bei yake ni ile ambayo matajiri wawili wenye wivu wataamua kuumizana nayo. Inatosha kumaliza shida za familia. Lakini kuna jambo dogo hao jamaa zenu hawakuambiwa." Aliivua miwani. "Kwa sheria ya mambo ya kale, kitu kama hiki kikitoka ardhini ni mali ya serikali. Ukikiokota, unaripoti."

"Kwa hivyo wanatoana macho juu ya kitu si chao," Sitati alisema.

"Si wa kwanza," Jemutai alijibu.

Alikuwa ameinama juu ya lenzi. Kesi yenyewe aliijua kwa moyo. Kiplangat na Ngigi, majirani na marafiki wa tangu utotoni, walinunua kwa pamoja mashine ya kutafutia vyuma ardhini, wakashinda wikendi nyingi wakifukua misumari na vifuniko vya chupa vya wazungu. Kisha mashine ikalia kwenye shamba la Ngigi. Walikubaliana kugawana nusu kwa nusu. Sarafu iliwekwa kwenye sanduku la chuma la Kiplangat, kwa sababu nyumba yake ni ya mawe na ana mbwa wakali. Siku ya kuipeleka kwa sonara aitwaye Jamleck, mjini Nakuru, ng'ombe wa Kiplangat alikuwa anazaa, hivyo Ngigi akaenda peke yake, sarafu imefungwa kwa pamba ndani ya kiberiti. Gari lililompeleka liliharibika Salgaa, akakaa huko muda mrefu. Jamleck alipoigonga sarafu mezani tu akasema ni bandia. Jioni hiyohiyo Kiplangat alikuwa kituoni akilia kama mtoto: Ngigi amebadilisha sarafu.

Kesi rahisi. Mkuu wa kituo aliipenda mno. Alitaka Ngigi awe mbele ya hakimu kesho asubuhi.

"Daktari," Jemutai alisema, "Ngigi alipiga picha upande mmoja tu. Aliyetengeneza hii bandia aliujuaje ule wa pili?"

Waithera alitabasamu, kwa mara ya kwanza. "Swali hilo nilikuwa nalisubiri. Upande mmoja una jina la sultani. Upande wa pili unasema kwamba anamtumaini Mola. Na pande mbili zinashikana kwa vina, kama ubeti. Kwenye hii bandia vina vimekaa sawasawa. Hilo halibahatishwi. Aliyeitengeneza alikuwa na ya kweli mkononi. Na si kwa dakika tano, maana kalibu ya udongo haikauki kwa kupulizwa."

"Ngigi alikuwa nayo asubuhi ile tu."

"Basi mimi nakuambia mambo ya sarafu. Ya watu ni yako."

"Na hii nyeusi ndani ya herufi?"

"Masizi. Amepaka ili ionekane imezeeka. Ujanja wa kila siku."

Jemutai aliomba pini. Aliichokonoa herufi moja taratibu, unga mweusi wenye rangi ya samawati kidogo ukaanguka kwenye karatasi. Aliukusanya kwa ncha ya kidole, akaunusa. Aliunusa mara ya pili. Sitati, aliyefanya naye kazi miaka mingi, alimwona akikunja uso kama mtu aliyeitwa jina lake la utotoni katikati ya mji.

"Daktari, wewe hunywa mursik?"

"Mimi ni mtu wa Nyeri, Inspekta. Maziwa yangu yanatoka dukani."

"Ndiyo maana umeona masizi," Jemutai alisema, akainuka.

Walipokuwa wakishuka ngazi alimgeukia Sitati. "Kibuyu cha mursik, cha maziwa yetu ya kuganda, kinasafishwa na nini?"

"Maji, madam?"

"Ndiyo maana wewe bado ni sajini. Unachukua tawi la senetwet, unalichoma mpaka liwe kaa, kisha unasugua nalo ndani ya kibuyu. Unasugua mpaka mkono uume. Mama yangu alinifanyisha hiyo kazi Baringo mpaka nikakimbilia polisi. Ule unga haupanguswi na kitambaa wala haufichiki. Una harufu yake. Hiyo sarafu ya uongo, kabla haijaingia kwenye kiberiti cha Ngigi, ililala ndani ya kibuyu cha maziwa."

Sitati alisimama kwenye ngazi. "Lakini kwa statement ya Kiplangat hakuna kibuyu. Amesema sanduku. Tangu mwanzo mpaka mwisho, sanduku."

"Ehe. Sasa umepanda cheo."

*

Kituoni Nakuru walimkuta Rahab, mke wa Ngigi, kwenye benchi la nje, na mzigo umefungwa kwa shuka kando ya miguu yake. Jemutai alidhani ameleta nguo za mumewe.

"Si zake," Rahab alisema. Alikuwa na sauti ya mtu aliyelia mpaka akachoka nayo. "Ni zetu. Watu wamekuja kwa gate jana. Wamesema mwizi akishahukumiwa, sisi tusingoje kuambiwa. Viazi vyangu vya upande wa chini vimeng'olewa, madam. Vichanga hivyo, havijafika hata kuvunwa."

"Nani ameving'oa?"

"Mkono haujulikani. Lakini mimi najua maana yake. Si mara yetu ya kwanza kufunga mizigo."

Jemutai hakuwa mtu wa kugawa faraja asiyokuwa nayo. Aliingia ndani, akaagiza Ngigi aletwe.

Ngigi alikuwa mtu mrefu, mwenye mabega ya kubeba magunia, na aliketi mbele yake kwa adabu, akishikilia suruali kwa mkono mmoja kwa sababu mshipi wake ulikuwa umechukuliwa.

"Nyumbani kwako kuna kibuyu cha maziwa?"

"Kibuyu?" Ngigi alimtazama kama anayepimwa akili. "Hapana, madam. Rahab hununua maziwa lala ya paketi. Mursik tunakunywa kwa kina Kiplangat."

"Ulikuwa unaona sarafu mara ngapi?"

"Kila Sunday baada ya kanisa. Zeddy, bibi yake, anapika chai, Kiplangat anafungua sanduku, tunaiangalia, tunaicheka. Tunasema mimi nitanunua tractor, yeye atanunua mke wa pili. Zeddy anamrushia kijiko."

"Kama ulikuwa unamwamini, kwa nini uende kuiangalia kila wiki?"

"Si kuangalia, madam. Ni chai tu."

"Uliishika?"

"Kidogo, tukiwa sote hapo. Halafu inarudi kwa sanduku. Ufunguo uko shingoni mwake."

"Nani amekubadilishia sarafu, Ngigi?"

"Huyo sonara. Lazima ni huyo sonara."

"Si sonara. Hilo ninalijua tayari. Na Kiplangat?"

Ngigi alicheka, kicheko kifupi kisicho na furaha. "Madam, wewe si mtu wa huku, nikueleze. Mwaka ule wa moto, wa fujo za uchaguzi, nyumba yetu ilipochomwa, Kiplangat ndiye alinivuta kwa mkono mpaka kwa mama yake. Mama akaniweka store, nyuma ya magunia. Vijana walikuja na mishale, wakauliza kuna nani humo. Mama akasimama mlangoni akasema, 'Kuna vibuyu tu.' Akawa ananinywesha maziwa ya kile kibuyu chake usiku mpaka mambo yakatulia. Huyo mama nilimzika kama mwanawe, niliingia kaburini nikapokea jeneza. Kiplangat amekasirika, amekosea kunishtaki, nitamsamehe. Lakini kuniibia? Hawezi."

Jemutai alifunga faili. Ilikuwa imebaki kazi moja, na hakuitamani hata kidogo.

"Vaa viatu," alisema. "Tunaenda Keringet."

*

Zaidi ya Molo barabara ilianza kupanda, malori ya viazi yakishuka upande wa pili, na ukungu ukiwa umelala kwenye miti ya mlowezi kama kawaida yake. Ngigi alikuwa kiti cha nyuma, amefungwa pingu, akitazama kila shamba kwa zamu.

Kiplangat aliwapokea uani akiwa na gambuti na koti kuukuu. Alikuwa mfupi, mchangamfu, na mwenye maneno mengi.

"Karibu, madam! Karibu, boss! Zeddy, weka chai, wageni wamefika." Kisha akamwona Ngigi akishushwa garini, na maneno yakamwishia. Hakumsalimu. Alianza kuchunguza matope kwenye gambuti zake.

"Tumemleta atuonyeshe mahali," Jemutai alisema. "Utaratibu tu."

"Sawa, sawa. Sheria ni sheria. Mimi nataka haki yangu tu, madam. Mtu wa kula na wewe sahani moja, akufanyie hivi?" Alitikisa kichwa. "Imeniuma. Sijalala."

"Nakuamini kwamba hujalala," Jemutai alisema.

Alimwacha Sitati na wanaume wawili hao, akaingia jikoni. Zeddy alikuwa mwanamke mnene mwenye tabasamu la haraka, na alipoamkiwa kwa "Chamgei" alifurahi kama aliyepata ndugu polisini.

"Chamgei mising! Kumbe afande ni mtu wetu! Chai iko karibu."

"Mimi sitaki chai. Niko na kiu ya mursik tangu asubuhi."

Hilo lilimaliza urasmi wote. Zeddy alitungua kibuyu ukutani, akakitikisa, akamimina kikombe kizima. Jemutai alikunywa hadi nusu kabla ya kusema neno, na hakuwa anaigiza.

"Umesugua vizuri."

"Nimefundishwa na mama mkwe. Alikuwa haniachii hata doa."

"Vibuyu vyote ni hivi?"

"Hivi ndivyo vyangu. Chake kiko store. Hicho hatutumii, ni ukumbusho. Lakini kabla ya haya mambo ya sarafu nilisikia wadudu wanakitoboa, nikakitia makaa upya, nikakifunga."

Jemutai aliweka kikombe chini polepole. "Kiplangat alijua umekitia makaa?"

"Huyo?" Zeddy alicheka. "Mwanaume ataulizia kibuyu cha nini? Hata akitumwa akilete hajui kinashikwa wapi."

Kivuli cha Sitati kilionekana mlangoni. Alikuwa amesikia ya kutosha, na macho yake yalisema wazi anachofikiria: basi ni mke. Vibuyu ni vya mke, store ni ya mke. Jemutai naye alikuwa amelifikiria hilo njia nzima kutoka Nakuru. Alimpa Sitati ishara asubiri.

"Zeddy, nikuulize kitu cha kipuuzi. Kama ungetaka kumficha mume wako kitu kidogo, kitu kama pete, ungekiweka kwa kibuyu?"

"Kwa sotet iliyosuguliwa?" Zeddy alimtazama kwa mshangao wa kweli. "Afande, wewe si umelelewa na mwanamke? Itatoka nyeusi! Itachafua mkono, itachafua nguo, kila mtu atajua ilikuwa wapi. Mimi ningeweka kwa unga. Mwanamke yeyote angeweka kwa unga. Kwa kibuyu ni mtu hajawahi kusugua kibuyu maisha yake yote. Ni mwanaume tu anaweza..."

Tabasamu lilibaki usoni kwa muda, limesahauliwa, kisha likaondoka. Alitazama nje kupitia dirisha dogo, kule mumewe aliposimama, halafu akamtazama Jemutai.

"Ile shati yake ya kanisa," alisema kwa sauti ndogo. "Mfuko ulikuwa mweusi. Nimeifua, ikakataa kutakata. Nikadhani ni mafuta ya mashine."

"Lini?"

"Siku ng'ombe alizaa. Siku Ngigi alienda Nakuru."

"Nenda ukakilete, dada," Jemutai alisema. "Kile cha mama."

Wangeweza kwenda Sitati au yeye mwenyewe. Lakini kibuyu cha marehemu hakitunguliwi na mgeni, na Zeddy alionekana kushukuru kwamba hilo limekumbukwa. Alitoka na funguo za store. Kiplangat alipomwona anaelekea huko alipiga hatua mbili, na Sitati akapiga hatua moja, kubwa, akasimama katikati.

"Zeddy! Unatafuta nini huko? Wageni hawajapata chai!"

Zeddy hakumjibu. Alirudi amekibeba kwa mikono miwili, kama kinavyobebwa, kibuyu kirefu cha rangi ya asali iliyokolea, kifuniko chake cha ngozi kimepambwa kwa shanga ambazo baadhi zilikuwa zimeng'oka. Ngigi alikitambua hata kabla hajafika karibu. Uso wake ulifunguka ghafla, kama mtu aliyekutana na jamaa stesheni.

"Hicho ni cha mama," alimwambia Jemutai, akisahau pingu, akisahau kila kitu. "Hicho ndicho nilikuwa nakwambia."

Zeddy alikitikisa.

Kitu kiligonga ndani. Ilikuwa sauti ndogo, lakini uani pale haikumpita mtu. Zeddy alifungua kifuniko, akakiinamisha juu ya kiganja cha Jemutai, na pamoja na unga mweusi ikaanguka sarafu. Jemutai aliipangusa kwa kidole gumba. Herufi zikabaki nyeusi, lakini uso ukang'aa mweupe, laini, bila kishimo, na ukingoni hakukuwa na mstari wowote.

Ngigi aliitazama sarafu, akakitazama kibuyu, akarudi kwenye sarafu. Alikuwa anaelewa polepole, kwa sababu hakutaka kuelewa.

"Nikusaidie kueleza," Jemutai alimwambia Kiplangat. "Ulikuwa na bandia muda mrefu, na sanduku ulikuwa huwezi kuitia, maana Ngigi huja Jumapili na sanduku hufunguliwa. Ukaificha mahali unapojua hakuna mwanaume ataingiza mkono. Asubuhi ile ukaitoa, ukaipangusa na shati lako, ukamfungia rafiki yako kwa pamba. Ukaona weusi kwenye herufi ukafikiri umebahatika, inaonekana ya zamani. Halafu ya kweli ukaihamishia kwenye kibuyu kabla sisi hatujaja kupekua sanduku. Nani alikumiminia?"

Kiplangat alimtazama Zeddy, kisha gambuti zake.

"Kiplangat. Fundi ni nani?"

"Kuna mtu Salgaa," alisema hatimaye. "Huwa anamiminia madereva mapete. Nilimwachia siku mbili hivi. Hakuuliza kitu."

"Na mnunuzi?"

"Alinipigia kutoka Nairobi. Alisema anataka mtu mmoja. Hataki watu wawili, wakianza kubishana..." Kisha akamgeukia Ngigi, na hasira ikampanda kana kwamba yeye ndiye aliyeibiwa. "Ile shamba ilikuwa ya babu yangu! Kabla ya huyo mzungu, kabla yenu! Babu alichungia ng'ombe pale pale mashine ililia!"

"Nilinunua kwa baba yako," Ngigi alisema. "Ulikuwa shahidi. Ulitia sahihi."

"Najua nilitia sahihi!"

"Ungeniambia unaitaka yote, Kiplangat. Ungesema tu."

"Ungekubali?"

Ngigi alifikiria. Ilikuwa tabia yake, hata pale, kujibu swali aliloulizwa. "Ningekasirika kwanza," alisema. "Halafu ningekubali."

Jemutai aliifunga sarafu ndani ya mfuko wa ushahidi. "Mwambieni huyo wa Nairobi asubiri sana. Hii ni ya serikali. Ilikuwa ya serikali tangu ilipotoka kwenye udongo. Mngeripoti, mngeshukuriwa na pengine mngepewa kitu. Sasa hakuna mwenye kupata."

Kiplangat alimtazama kama hajasikia vizuri. Kisha akaketi chini, pale pale kwenye matope, na koti lake.

Jemutai alimfungua Ngigi pingu. Ngigi alisugua vifundo vya mikono lakini hakusogea. Jemutai alizipeleka pingu zilezile kwa Kiplangat, bado zina joto la mkono wa mwenzake, na Kiplangat alipozisikia zikibana ndipo alipozinduka.

"Ngigi," alisema haraka, kwa sauti ya chini, sauti ya mambo ya nyumbani. "Ngigi, waambie tulipanga pamoja. Waambie tulikuwa tunamjaribu sonara. Wewe ukisema hivyo hii kesi inaisha. Sisi tutakaa chini na wazee, nitakulipa vile utasema. Usikubali nipelekwe. Umenijua maisha yako yote."

Zeddy alikuwa amesimama na kibuyu kifuani, mikono imekuwa myeusi hadi kwenye viwiko, analia bila kujifuta.

Ngigi alitazama mlango wa store uliokuwa umeachwa wazi. Ndani kulikuwa na giza, na magunia.

"Siku ile vijana walimuuliza mama kuna nani humo," alisema. "Nilikuwa namsikia. Alisema kuna vibuyu tu. Mama alidanganya, na alikuwa mtu wa kanisa, na mimi najua alifanya hivyo kwa sababu gani." Alimgeukia Kiplangat. "Leo akija mtu akaniuliza kulikuwa na nini ndani ya kibuyu chake, nitasema, Kiplangat. Nitasema vile nimeona."

Kiplangat aliinamisha kichwa, na hapo ndipo alipolia kwa mara ya kwanza machozi yasiyokuwa ya uongo. Jemutai alilitambua hilo kwa sababu aliyaona yale ya kwanza kituoni, na hayakufanana. Hakumwonea huruma. Alimhurumia Zeddy.

Alikiomba kibuyu kama kielelezo. Zeddy alikifunga kifuniko vizuri kabla ya kumpa.

"Kitarudi, afande?"

"Kesi ikiisha."

"Basi umpe Ngigi. Mimi sitaweza kukisugua tena."

Wakati wa kuondoka Ngigi angeweza kushuka tu mteremko hadi kwake, lakini Rahab alikuwa bado kwenye lile benchi Nakuru, amekalia mizigo yao. Sitati alimfungulia mlango wa mbele, naye Ngigi akabanana kati ya Jemutai na Sitati aliyeshika usukani. Kiplangat aliwekwa nyuma, kwenye kiti kile Ngigi alichokalia wakati wa kuja. Hadi Molo Ngigi hakugeuka hata mara moja.

Walipofika mahali malori yanapopanga foleni kupimwa, ndipo alipomgusa Jemutai begani, kwa adabu, kama mtu anayeuliza njia.

"Madam, samahani. Rahab nitamwambia nini?"

"Mwambie arudi nyumbani. Mwambie hakuna wa kumfukuza."

"Hiyo nitamwambia. Nauliza huyu." Hakugeuza kichwa, alinyoosha tu kidole gumba nyuma ya bega lake. "Watoto wetu wanamwita baba. Nitasema ni nani alitufanyia hivi?"

Jemutai alikisogeza kibuyu mapajani, na masizi yake yalikuwa yameshaingia kwenye sketi yake ya kazi, mahali ambapo hayatatoka.